Emiliana wa Ilongero na Kigoda cha Mbele

Alizaliwa Ilongero mwaka 1958, binti wa Antipasi, mkulima wa uwele na alizeti. Mdogo wake, Deo, alizaliwa na ualbino, na kwa kuwa macho yake dhaifu hayakuweza kusoma ubaoni, aliacha shule darasa la pili. Emiliana alimwombea kila jioni, mpaka siku moja akipeta uwele akasikia moyoni kwamba sala ile inaidai miguu yake pia. Hakuolewa. Akawa katekista, akazunguka vijijini kuwatafuta watoto wa ngozi ile waliofichwa ndani, akiwashonea kofia pana na kuwashika mkono hadi shuleni.

Jaribu lake kubwa lilimfika mwaka 2004. Ritha, binti wa Simoni, alikuwa na ualbino, tena mrefu kuliko wenzake, na shuleni walikaa kwa kimo, warefu nyuma. Kwa kutoona ubao alinakili kwa jirani, akachapwa kama mwizi wa majibu. Baba yake akasema muhula ukiisha anamtoa, akakae jikoni. Emiliana akaenda kwa Mwalimu Hezekia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Naomba Ritha akae mbele.”

Alipohamishwa, darasa likalipuka: “Mwalimu, twiga ametuziba!”

“Unaona, mama?” Hezekia akasema. “Nao hawa niwafanyeje?”

Emiliana akaenda nyumbani. Akarudi na kigoda chake cha jikoni kichwani. “Mkalishe hapa chini, karibu na ubao. Mimi nitasonga ugali nimesimama.” Hezekia akacheka, kisha akainama, akakipangusa kigoda kwa leso yake mwenyewe. Ritha akaandika daftari likiwa mapajani. Muhula ulipoisha alikuwa wa tano, na Simoni alimrudisha shule mwenyewe, amembebea mkoba.

Emiliana alilala katika Bwana Oktoba 2021, jua likiwa kali. Waliokuwepo wanasimulia kwamba wingu moja lilisimama juu ya makaburi tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho, na wale watoto aliowashonea kofia wakazivua kumuaga bila kuungua.

Leo Ritha ni mwalimu. Kabla hajaandika neno ubaoni, huuliza, “Nani haoni?” na husubiri mpaka yule mwenye haya anyooshe mkono. Sisi tunaomwomba Emiliana atuombee, nasi tuulize hivyo, kisha tuwe na subira ya kungoja jibu.