Bunduki ya Babu Haimtoshi Tessa

"Fumba macho," Oleta Stiltner anamwambia mtoto. "Sasa ilete bunduki begani. Usilenge kitu, ilete tu inavyokuja yenyewe. Tayari? Fumbua."

Tessa Lester, mwenye miaka tisa, anafumbua macho. Ni Alhamisi asubuhi na duka la vifaa vya ujenzi la Pigeon Fork, West Virginia, ndiyo kwanza limefunguliwa. Keshokutwa msimu wa kuwinda kindi unaanza.

"Unaona nini?"

"Dari, bibi."

"Na kilengeo, kile cha kwenye mtutu?"

"Hakionekani."

Haiwezekani akione. Kitako cha bunduki kimelipita bega lake na kuingia kwapani. Shingo ameinyoosha kama kuku anayechungulia chungu, na mtutu tayari umeanza kuinama kwa uzito.

"Atakua," anasema baba yake, Dwight Lester, fundi wa matrekta. "Hata koti la baridi tulimnunulia kubwa makusudi."

"Koti likimzidi anakunja mikono," Oleta anamjibu. "Hiki kitako utakikunja wapi?"

Oleta ana miaka sitini na mmoja. Meza yake iko nyuma ya duka, kati ya makopo ya rangi na magunia ya chakula cha mbwa, na kazi yake ni kuzifanya bunduki ndogo ziwatoshe watoto. Analipwa dola kumi na nne kwa saa, hana bima ya afya, na vumbi la mbao limemwachia kikohozi kisichokwisha.

Kila mwaka kabla ya msimu akina baba humjia na makosa yaleyale. Wa kwanza anataka risasi kubwa, ili mwanawe asichekwe. Oleta humkatalia. "Mtoto akiogopa mshindo anafumba macho kabla hajafyatua," anasema. "Mtoto aliyefumba macho na bunduki mkononi, unataka kusimama karibu naye? Mimi sitaki."

Wa pili ni kama Dwight. Amekuja na bunduki ya marehemu.

Katika bonde hili bunduki ya babu humwendea mjukuu wa kwanza, na haikatwi. Kukipitishia msumeno kitako cha bunduki ya babu ni kama kumkata mzee mwenyewe mguu. Kwa hiyo watoto wanaingia msituni na bunduki zilizopimwa kwa mikono ya wachimba makaa ya mawe, wamezibana kwapani, na familia nzima inapiga picha.

Hii ya Tessa ilikuwa ya Hobert Lester, baba yake Dwight. Hobert alikufa mwezi Machi, mapafu yamejaa vumbi la mgodi, akivuta hewa kwa bomba la puani. Kabla hajafa alisema bunduki ni ya Tessa.

"Sitaikata," anasema Dwight.

"Sijakuambia uikate. Nitamchongea kitako kingine kifupi. Cha Hobert kitundike ukutani mpaka huyu binti akifikie."

Dwight anakuna kidevu. Hilo halikuwa limempitia akilini. "Hilo sawa," anasema.

"Subiri. Kitako ni kazi ya siku moja tu. Shida ni hii nyundo."

Bunduki ya Hobert ni ya zamani. Nyundo yake iko wazi nyuma, na kabla ya kupiga unaivuta kwa kidole gumba. Kindi akikimbia na ukaghairi, unaibana nyundo kwa gumba, unagusa kifyatulio, kisha unaishusha polepole. Kwa mtu mzima hilo si neno. Kwa gumba la mtoto, na baridi ya alfajiri, ni habari nyingine.

Oleta anaifungua bunduki, anatia kidole ndani kuhakikisha haina risasi, anamwonyesha Dwight, kisha anamrudishia Tessa. "Vuta. Vizuri. Sasa kindi kaenda zake. Ishushe."

Tessa anang'ata ulimi. Gumba halifiki vizuri. Nyundo inachoropoka.

Tak!

Mtoto anautazama mtutu, anafuata ulikoelekea, na macho yake yanaishia kwenye paja la baba yake.

"Baba," anasema kwa sauti ndogo, "ningekuwa nimekupiga?"

"Haikuwa na risasi, mwanangu."

"Lakini kama ingekuwa nayo?"

Dwight anamgeukia Oleta. "Umemtia woga, ndiyo maana. Atazoea."

"Virgil naye alisema hivyohivyo."

"Mimi si Virgil."

Mwenye duka, aliyekuwa akipanga misumari, anatoka nje kana kwamba ameitwa.

Hakuna mtu Pigeon Fork asiyeijua habari ya Virgil Stiltner, mume wa Oleta. Alimpa mtoto wao, Garnet, bunduki ya ukoo yenye nyundo kama hii. Garnet alikuwa na miaka kumi. Oleta alisema mtoto ni mdogo mno kwa bunduki ile, Virgil akasema atazoea. Asubuhi moja ya Septemba kindi alikimbia, Virgil akamwambia mwanawe ashushe nyundo, na nyundo ikachoropoka.

Risasi ilikuwa ndogo, ya zile watu wanazoziita za kuchezea. Ilimwingia Virgil kwenye kinena na kukata mshipa. Garnet alikimbia kutoka kule juu msituni hadi barabarani akipiga kelele. Walipomfikia, Virgil alikuwa ameshakata roho.

Leo Garnet anaweka vigae Ohio. Ana mke na mabinti wawili, na bonde hili hakanyagi Septemba. "Hakuna aliyemlaumu," anasema Oleta. "Ndiyo mbaya zaidi. Angelaumiwa angepata wa kugombana naye."

Baada ya mazishi ya Virgil ndipo Oleta alipomwomba mwenye duka ile meza ya nyuma.

Dwight ameondoka na bunduki yake kama alivyokuja nayo. Hata kitako kifupi hakukitaka tena. "Twende, Tessa," alisema, na mtoto akafuata nyuma akiusugua mkono wake kwenye suruali.

Siku hiyo hiyo Oleta anachukua kutoka rafu ya juu bunduki ndogo ya risasi moja, nyepesi, isiyo na nyundo ya nje bali komeo la chuma la kuvuta nyuma. "Hii ukighairi kupiga, unafungua komeo, risasi inatoka nje. Gumba halina kazi," anaeleza huku akikata kitako. Kipimo cha mkono wa Tessa anakikumbuka. Anapiga msasa, anakohoa, anapiga msasa tena.

Ijumaa duka linafungwa na Dwight hajatokea. Oleta anaifunga bunduki kwenye blanketi, anaiweka ndani ya gari na kupanda hadi kwa akina Lester.

Dwight anawalisha mbwa. Haachi kuwalisha.

"Sikuagiza kitu, Bi Oleta."

"Najua. Ni ya kuazima."

"Iweke hapo kibarazani."

"Bunduki haiachwi kibarazani, Dwight. Hobert alikufundisha. Njoo uipokee mkononi."

Anakuja. Anaipokea, anafungua komeo na kutia kidole ndani kuhakikisha ni tupu. Tessa ametokea mlangoni na kijiko mkononi.

"Ni yangu hiyo, Baba?"

"Rudi ndani. Maharage yanapoa."

Hasemi asante, wala hasemi kesho mtoto atabeba ipi. Oleta naye haulizi. Amejifunza kwamba mwanamume akiulizwa mara ya pili hushikilia jibu la kwanza.

Nyumba yake iko upande wa pili wa kilima, na mlio wa bunduki kutoka msitu wa akina Lester unafika hadi mlango wake wa nyuma. Kesho kabla jua halijatoka atakaa pale na kahawa yake.

"Ile ya Hobert inabeba risasi kumi na tano," anasema akiwasha gari. "Mtoto mwenye risasi kumi na tano hangoji, utasikia zinafuatana. Hii yangu inapiga moja, halafu lazima atulie, atafute nyingine mfukoni, vidole vimekufa ganzi. Basi hilo ndilo ninaloliomba. Moja, halafu kimya. Moja, halafu kimya. Asubuhi nzima."