Zamu ya Muuza Mihogo

Baba yangu ni mtu wa kanisa, tena wa kweli kweli. Ananyoa ndevu huku akiimba nyimbo za kwaya, na rozari yake inakaa mfuko mmoja na simu. Mama ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Ngamiani, yaani zile familia za Kikatoliki za jirani tunaosali pamoja kila Jumamosi jioni, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mimi ni binti yao mkubwa, nimerudi kuishi nao na mdomo wangu, na ya jumuiya nayasikia yote, hata yasiyonihusu.

Mtaa wa nyuma baba ana nyumba ya kupangisha, ya Kiswahili hasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Kodi inapokelewa na dalali. Baba mwenyewe haingii. Anasema si adabu mwanamume kuzurura kwenye nyumba ya kina mama. Chumba kimoja alipanga mama mjane na wanawe, muuza mihogo ya kukaanga, mwanajumuiya mwenzetu. Wazazi wake walikata mkonge mashambani mpaka wakazeeka. Yeye akaja mjini na karai lake.

Kila ratiba ilipopangwa, zamu yake ilirukwa. "Tusimsumbue," baba alikuwa akisema kwa upole. "Chumba kimoja, watu watakaa wapi? Na chai ya watu wote hao ni gharama." Sote tuliitikia, tukajiona tuna huruma. Krismasi tulimpelekea mchele na sukari, na picha tukapiga.

Basi siku moja, masika yakiwa ndiyo yanaanza, akaja kwetu kajifunga kanga kiunoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama mwenyekiti."

"Milele amina, mwenzangu. Karibu kiti."

"Kiti baadaye. Nimekosa nini mimi? Kila mwaka mnaniletea mchele. Wa kwangu mtakula lini? Au mimi ni wa kupewa tu?"

Mama alilivuta daftari la ratiba. Mama yangu namjua: akishika kalamu hivyo, kuna mtu atakiona. Akamwandika Jumamosi ileile. Baba akaanza tena yake ya watu watakaa wapi, lakini jibu lilikuwa njiani. Kesho yake nilimkuta dukani bibi mmoja wa Kipemba, Mwislamu, anayepanga chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hakuimaliza.

"Nasikia mwasema hapana pa kukaa! Na ukumbi wote ule? Mikeka n'nayo, n'tatandika mwenyewe. Hebu muoneeni haya mwenzenu!"

Jumamosi ikafika na mvua, tena si ya mchezo. Tulibanana ukumbini juu ya mikeka ya bibi, miguu ya huyu kwenye mgongo wa yule. Mwenyeji alikuwa kavaa gauni la kitenge ambalo sijawahi kuliona, anatupangia pa kukaa, anamkaripia huyu asogee, anamkaribisha yule. Nilifurahi kumwona hivyo mpaka machozi yakanilenga.

Baba akasoma Neno kwa ile sauti yake nzuri. Hajafika nusu, tone likaanguka kwenye ukurasa. Akasogea. Jingine likampata kwenye kipara. Mwenyeji akaleta sufuria akaiweka mbele yake, kisha beseni, kisha ndoo, bila haraka. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimesukumwa pembeni na kufunikwa nailoni, ukuta wa pili umelowa mpaka chini.

"Tunalala upande huu," alimwambia mama akicheka kidogo. "Ule ni wa mvua."

"Dalali hajaambiwa?"

"Ameambiwa mpaka nimechoka mimi. Anasema mwenye nyumba anajua."

Baba akawa anaitazama Biblia lakini hasomi.

Ulipofika wakati wa matangazo, mzee mmoja mwenye moyo wake mzuri akapendekeza tuchange mabati, liwe tendo letu la huruma mwezi huu. Watu wakaanza kupekua mikoba.

"Rudisheni," mama alisema. "Hakuna mchango. Huyu si wa kuhurumiwa, huyu analipa kodi. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe huyu hapa, kashika Biblia."

Loo! Nilitamani mkeka unimeze. Baba akamwinamia mama akanong'ona, lakini tulivyobanana vile kila mtu alisikia.

"Mama watoto, si ungeniambia nyumbani?"

"Nyumbani hakuvuji."

Bibi wa Kipemba alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, kule kwenye mlango wa chumba chake. Baba hakucheka wala hakukasirika. Maji yanamwingia kwenye kola, akaifunga Biblia na kumgeukia mwenyeji.

"Dada yangu, niliambiwa. Nikawa nasema masika yatapita. Nisamehe."

Nilimpenda baba yangu wakati ule, Mungu ananiona. Mwenyeji hakumwambia haidhuru. Alimtazama kwanza, akamtazama vizuri. "Kula kwangu kwanza," akasema, "halafu tutazungumza bati." Akaleta mihogo na chai ya tangawizi, na baba akala mpaka kipande cha mwisho.

Jumatatu fundi alikuwa juu ya paa, na baba chini amemshikia ngazi, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Jirani akapita na baiskeli, akapunguza mwendo.

"Mzee, naona ujenzi umeanza!"

"Ujenzi wapi," baba akamjibu. "Tunamalizia sala ya Jumamosi."