Simba au Chura wa Chemchemi Iliyopotea

Wakati ule nilikuwa namhudumia mzee mmoja Mfaransa, huku kwa Waingereza, mtaa wa Thamesmead. Namwogesha, nampikia uji, naye ananisimulia chemchemi ya mji wao: ya mawe, katikati ya soko, mnyama wa kuchongwa anatema maji na akina mama wanakinga ndoo. Mabomba yalipoingia majumbani, watu wakaisahau. Kisha lori la maziwa likarudi nyuma, likaigonga. Halmashauri ikaibeba ikatengenezwe, na mpaka leo haijarudi.

"Alikuwa simba," mzee humalizia, ametuna mashavu.

Siku moja dada yake akaja kumtembelea kutoka Ufaransa, bibi mfupi mwenye sauti ya kengele. Chai haijapoa, chemchemi ikatajwa.

"Simba gani? Alikuwa chura!"

"Chura ananguruma?"

"Chemchemi haingurumi, inatema!"

Walibishana kwa Kiingereza ili nami nielewe, maana walishaniteua hakimu. Nikawaambia mimi sikuwepo. Bibi akasema basi nitaona kwa macho. Akatuburuta hadi bustanini, akapiga funda la maji, akatoa macho, akatema. Yalifika kwenye mawaridi. Moyoni nikakiri: chura kabisa.

Mzee akainua kidevu, akatema kisimba. Yakaishia kwenye fulana yake.

"Upepo huo," akasema. "Binti, hebu tema wewe. Una mapafu."

Kazi ni kazi. Nikajaza mdomo. Papo hapo jirani yetu, mama wa Kikenya, akachungulia juu ya ua.

"Dada, huko ni kwema?"

Kicheko kikanishinda, maji yote yakampata usoni. Bibi naye akacheka mpaka meno yake ya bandia yakarukia kwenye majani. Mzee akayaokota, akayakagua.

"Mnaona? Meno. Chura hana meno."

Nilimwomba jirani radhi, nikamwingiza ndani, nikampa taulo na chai. Aliposikia kisa chote akauliza, "Kwani hakuna picha?"

Ilikuwepo, ukutani. Ila mama yao, mwanamke aliyejaaliwa mwili, alikuwa amesimama mbele ya chemchemi na kuiziba yote. Tukaisogelea sote wanne. Nyuma ya bega lake palichomoza sikio moja tu la jiwe.

Jirani akakaza macho. "Mimi naona nguruwe."

Hapo ndugu wale wawili wakashikana mikono, wakamkatalia kwa sauti moja.