Chaja Isiyoazimwa

Pudensiana wa Majengo hajui kukaa. Hata kanisani huinuka padri hajamaliza matangazo. Mwanawe Fredrick alipomtengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga, akaitia kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani ili ipime joto na kuwasha taa, kisha akarudi zake chuoni Dodoma, alidhani amempumzisha mama. Wapi!

Safari hii mama alikuwa na sababu. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umefagia kuku wote wa Ndaki, mfugaji wa nje ya mji. Mbegu ya kuku wale aliitoa Usukumani marehemu mama yake, siku walipohamia huku na ng'ombe. Yalibaki mayai tu. Ndaki aliyaleta kwenye kikapu, akayakabidhi kwa mikono miwili.

"Mama Fredi, haya ndiyo yamebaki ya mama."

Basi usingizi ukaisha. Na kompyuta nayo, kama iliyotumwa, ikaanza kuzima na kuwaka yenyewe. Ikizima, taa haziwaki, joto linashuka. Umeme wa nyumba haukuwa shida, maana ukikatika betri ya sola inashika. Akaishuku chaja. Alinunua mpya sokoni Kashaulili, nyepesi kama kiberiti kitupu, ikachemka. Akanunua nyingine yenye maandishi ya dhahabu, hadithi ileile. Akazibeba zote mbili kwa fundi Methusela.

"Hizi za simu, mama," fundi alisema. "Simu ina betri, chaja ikilegea kidogo yenyewe haina habari. Kompyuta yako haina cha kujishikiza. Chukua adapta hii nzito, ampea tatu za kweli, waya mnene, mfupi. Na usiichanganye na kitu kingine."

Akaichukua. Kompyuta ikatulia mpaka mama akaanza kuimba jikoni. Halafu siku moja akatoka bombani akakuta mashine imepoa. Kesho yake tena. Alimsema fundi wa watu bure, akakagua waya, akakagua soketi. Mayai yalikaribia kuanguliwa, naye hata kuoga alioga mbiombio, sabuni masikioni.

Majengo mgeni haombi umeme. Akiingia na simu iliyozima anatafuta soketi huku anasalimia, na mwenye nyumba anayekataza ataonekana ana roho mbaya. Adapta ile ilijaza simu haraka kuliko zote mtaani, na wageni walishaigundua.

Siku ya tatu mchana Pudensiana alirudi na ndoo akamkuta Ndaki sebuleni, anatabasamu, simu yake imening'inia kwenye waya wa mashine. Kompyuta ilikuwa giza.

"Inajaza vizuri hii! Nataka nimpigie dada Kahama, nimwambie kuku wa mama wapo salama."

"Chomoa!"

Hakuwahi kumpigia mgeni kelele. Aliona aibu mpaka shingoni, lakini alimpokonya waya hivyohivyo, akaurudisha kwenye kompyuta. Taa zikawaka.

"Huo waya ndio unawapa joto, kaka. Ukiuchomoa wanakufa."

Ndaki aliiangalia simu, akaiangalia mashine. Tabasamu lilimtoka.

"Jana nilichomoa," alisema polepole. "Na juzi. Nikiondoka nilikuwa narudishia."

Ndaki alipiga magoti, akabandika sikio kwenye kioo cha mashine.

"Namsikia mmoja analia ndani ya yai."

"Mmoja tu?"

Ndaki akanyanyua kidole kumnyamazisha, akaendelea kusikiliza.