Kompyuta Aliyoniachia Muriithi

Mume wangu Muriithi alipohamia Nanyuki na Nyawira, mke wake mpya, alichukua kompyuta nzuri akaniachia ile kuukuu. Duka letu la kuchapisha liko Ruring'u, katika chumba cha mama yake. Kazi kubwa ni ratiba za mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma. Yeye alikuwa akikaa mlangoni kuongea na wateja. Kuchapisha nilichapisha mimi.

Sikuvuka darasa la tatu. Kompyuta niliijua kwa mahali, kama mtu anavyojua jikoni mwake taa ikizimika. Herufi ya buluu ya kufungulia maandishi iko chini, folda ya manjano iko juu, na ndani yake kuna ratiba aliyoipanga Muriithi. Nilibadilisha majina na picha tu. Mstari wa mwisho ulisema "Imechapishwa na Muriithi, Ruring'u". Hata alipoondoka niliendelea kuuchapisha, maana sikujua kama unaweza kuondolewa.

Kisha mashine ikagoma kuwaka. Beth, anayetengeneza simu chumba cha pili, aliifungua akatikisa kichwa.

"Hii ni mzee, Mama Shiku. Windows mpya haiwezi kuingia. Nikuwekee mfumo mwingine, Linux, hiyo ni ya bure."

"Cha bure kwa hii duka ni mimi," nikamwambia.

Alipomaliza, kila kitu kilikuwa kimehama. Herufi ya buluu haikuwepo. Ratiba ya Muriithi ilifunguka vibaya, picha ikarukia ukurasa wa pili na nyimbo zikapanda juu ya wasifu. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akafa. Mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha wakati mwanawe haonekani. Shemeji yangu Nderitu akaleta wasifu wa kuchapishwa, nikausoma kwa kidole. "Muriithi, mumewe Nyawira." Mimi sikutajwa popote.

"Mmeniacha nje," nikasema.

"Hayo ni ya Muriithi na wewe." Akaangalia kioo. "Na hii umeifanya nini? Ama tupeleke kazi mjini? Chumba sasa ni yetu, Mama Shiku. Kama mashine imekufa, kuna mtu wa kuuza kuku anataka hii chumba."

"Ratiba itakuwa tayari."

"Tutaona."

Niliiacha ile ya Muriithi, nikafungua ukurasa mweupe. Maneno ya kioo yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo Beth aliniandikia yale ninayohitaji kwenye kipande cha katoni, nami nikayalinganisha herufi kwa herufi. Mahali hapakunisaidia tena. Kazi yote ilinipotea, nikaanza upya. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye picha, amefunga kitambaa chake cha kanisa.

Ningeweza kujiandika kwenye wasifu. Lakini ulikuwa wasifu wake, na sikutaka agombaniwe hata ndani yake. Niliuandika kama walivyouleta. Nilipofika chini ya ukurasa wa mwisho, palikuwa patupu. Nikaandika jina langu: "Imechapishwa na Wachuka, Ruring'u."

Kaburini waliita wake wa watoto waweke maua. Nyawira akaenda. Mimi nilisimama nyuma na majirani. Nilimwona Muriithi akigeuza ratiba, akakaa akitazama chini ya ukurasa. Alinifikia langoni.

"Umetoa jina langu."

"Halikuja na Linux," nikamjibu, nikapita.

Siku chache baadaye Nderitu alisimama mlangoni pa duka. Nilidhani amekuja na mtu wa kuku. Alikuwa na mama mmoja na wanawe kutoka Naro Moru, wamefiwa. Mama yule alishika ratiba ya mama mkwe.

"Wachuka ni nani?" akauliza.

Nderitu akaniangalia.

"Ni mimi," nikasema. "Karibuni mkae."