Pumzi ya Ndeshi

Mwanangu, kila nikiikumbuka shule yetu ya sekondari kule Masama, wa kwanza kunijia ni Ndeshi, msichana niliyekaa naye dawati moja.

Miaka ile ya tisini alikuwa akitujia muuguzi mstaafu, Mama Aikande, kutufundisha kumrudishia pumzi mtu aliyeacha kupumua. Alileta gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, akatuambia tulikandamize kama kifua cha mtu. Tulicheka hadi machozi.

"Chekeni, wanangu," akasema, "lakini mikono isisimame. Siku ya kweli mimi sitakuwepo."

Ndeshi hakucheka. Alibaki baada ya kipindi, akikandamiza mpaka jasho likamtoka.

Basi Jumamosi moja, tukitoka kukata majani ya ng'ombe, tukasikia yowe. Elia, mtoto wa jirani, alikuwa ametumbukia katika bwawa la mfereji. Baba yake alikuwa amekwisha kumtoa, mwili umelegea, midomo imebadilika rangi. Wazee wakataka kumning'iniza kichwa chini, maji yamtoke.

Ndeshi akautupa mzigo wake, akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba mumlaze hapa. Hapumui."

"Wewe binti, utamvunja mbavu!" mzee mmoja akafoka.

"Mbavu zitaunga, babu," akajibu. Baba yake Elia akamlaza mtoto chini.

Akakiinua kidevu cha mtoto, akambana pua, akampulizia pumzi, kisha akakandamiza kifua. Alipochoka nikampokea, nilipochoka akanipokea. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mama yake Elia alikuwa amekwisha kuanza kuomboleza. Mara mtoto akatapika maji, akakohoa, akalia. Sijasikia wimbo mtamu kama kilio kile! Tukamlaza ubavu, tukamfunika khanga, akapakiwa kwenye pikapu kwenda hospitali Moshi mjini. Akapona, na leo ni baba mwenye watoto wake.

Mwanangu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wakija shuleni kuwafundisha kuokoa uhai, usione haya. Jifunze kwa mikono, si kwa masikio tu. Siku ikifika, mtume mwenzako akaite msaada, nawe piga magoti uanze. Wakubwa waheshimu, waamkie, lakini usikubali mtu afe kwa sababu ya heshima.

Mungu akukuze, akupe moyo usiokimbia yowe la jirani, na popote utakapopita, watu washukuru kwamba ulikuwepo.