Tope la Kuku wa Mukaka

Kila ninapopita mbele ya seremala wa mtaa wetu hapa Beni, harufu ya maranda ya mbao za libuyu hunisimamisha. Fundi hudhani natamani kabati, hunikaribisha nikague milango yake, nami huishia kusifia kabati ambalo sina haja nalo. Siwezi kumwambia kwamba pua yangu imeshafika Vulamba, kule Butembo, nyuma ya jiko la mama yangu, na kwamba ninawaza kuku. Ninyi nitawaambia, ila msinicheke.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Mukaka alipokuja kukaa nasi. Mukaka ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alitoka kijiji cha upande wa Beni, kwenye mashamba ya kakao, ambacho watu walikuwa wamekikimbia kwa sababu ya mauaji. Alishuka kwenye pikipiki mgongo umenyooka, kanga imemkaukia mwilini kwa vumbi, kikapu amekikumbatia. Nguo alikuwa ameziacha, sufuria ameziacha, hata Biblia yake ilibaki mezani. Ndani ya kikapu kulikuwa na jogoo na mitetea yake.

Kijijini kuku wale walikuwa wakitembea watakako. Mjini ilibidi wafungiwe, maana majirani hawana mzaha na maharagi yao. Mama aliwazungushia uzio wa miti ya mkaratusi mwisho wa ua, kule kiwanja kinakoteremkia. Ndilo kosa letu la kwanza. Butembo ni mji wa vilima, na anayekaa chini hupokea kila kitu kinachoachwa na anayekaa juu. Mvua zilipoanza, ua wa kuku uligeuka tope zito, jeusi, lenye harufu iliyokuwa inatufuata hadi mezani. Ukikanyaga, mguu ulizama, na ukiuvuta kiatu kilibaki. Kuku walitembea na madonge ya udongo miguuni mithili ya wanajeshi waliovaa mabuti makubwa kuliko wao. Walipiga chafya. Mayai yalikoma. Kisha mtetea mmoja akafa, na baada yake mwingine.

Mukaka hakulia. Alizika yule wa pili chini ya mgomba, akanawa mikono, akaja kuketi kwenye kizingiti cha jiko ambapo mimi na Mama tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo.

“Hizi kuku zikiisha, miye narudia kule kwetu,” alisema. “Nitabakia huku juu ya nini?”

Kule kwao hapakuwa na mtu wa kumrudia. Kila Jumapili kanisani tulikuwa tunaombea vijiji vya upande ule, na hata mimi mtoto nilijua kwamba mwanamke mzee hawezi kwenda huko peke yake akarudi. Baba alikuwa dereva wa malori yaendayo Kasindi, mpakani, siku nyingi alikuwa barabarani, na alipokuwepo, maneno yake kwa mama yake yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mukaka alikuwa mtu wa kusema mara moja tu. Nilimtazama Mama. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya beseni.

Kesho yake Mama alianza kazi, na alianza vibaya. Sisi watu wa milima hatuna kawaida ya kutupa kitu kinachooza. Maganda ya ndizi, majani ya maharagi, majivu, vyote huenda kwenye mgomba vikawa mbolea, na tunajivunia hilo. Basi Mama alifanya alichozoea: alifunika tope lote kwa majani ya migomba na maganda ya maharagi, tukashangilia kuona kuku wanakanyaga pakavu. Furaha ile ilikuwa fupi. Majani yaliloa, yakaoza, yakachemka kwa chini, na funza wakatokea. Kuku walikula funza kwa raha zao, nasi tukaziba pua. Tulikuwa tumepika mbolea nzuri kabisa na kuku ndani yake. Mtetea mwingine akaanza kusinzia kwenye kona, mabawa yameanguka.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama mama yangu kwa macho mengine. Mvua kubwa iliyofuata, wakati kila mtu alikimbilia ndani, yeye alijifunika beseni kichwani akatoka. Nilimwona kupitia mlango wa jiko, amesimama katikati ya ua, anageuza shingo polepole kufuata maji. Matone yalilia juu ya beseni hata nilipomwita hakunisikia. Aliporudi, kanga ikimtiririka, alikuwa anatabasamu. Maji hayakuwa yanatoka mbinguni tu, alisema. Yalitoka kwenye mabati ya jiko letu wenyewe na kwenye njia ya juu, yakakutana pale kwa kuku.

Ilibaki kuchimba mfereji, na njia nyepesi ilijulikana: kunyoosha moja kwa moja chini, jembe la asubuhi moja. Lakini chini yetu alikaa Mama Kavira, mjane, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa wa udongo mtupu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwisha kuanza kupima kwa fimbo kuelekea huko. Mama aliikamata ile fimbo.

“Hapana kule. Ile maji nikiitupa kwa Mama Kavira, ukuta yake itaanguka,” alisema. “Itapita huku kwangu.”

Huku kwake kulikuwa na tuta lake la lenga-lenga, mboga aliyokuwa akiipenda na kuisifia kwa wageni. Alilikata katikati. Mfereji ulipita ndani ya mboga zake, ukazunguka nyumba, ukatokea barabarani, njia ndefu ajabu, na mikono yake ilitoka malengelenge. Mama Kavira alichungulia juu ya uzio, akaelewa bila kuambiwa, akaja na jembe lake. Wawili wale walichimba huku wakiimba sauti mbili za wimbo wa kwaya, na mimi nilibeba udongo nikijiona mtu mkubwa.

Kisha tukakwangua tope lote hadi kwenye ardhi ngumu, tukalipeleka kwenye migomba, kule lilikostahili. Tukamwaga kokoto, na juu ya kokoto tukamwaga maranda tuliyopewa bure na maseremala, magunia kwa magunia. Oo, harufu ile! Ua mzima ulinukia mbao mbichi. Mama aliinua kibanda juu ya miguu minne, akakiezeka bati la zamani, akaweka karai la majivu ili kuku waoge.

Siku hizo zote Mukaka alikuwa ameketi kizingitini, mikono kifuani, akinung’unika kwamba kuku si maaskari wa kujengewa kambi. Siku ya mwisho Mama alishika mti wa kulalia kuku, akaujaribu hapa, akaujaribu pale, akakuna kichwa, akamgeukia Mukaka.

“Mama, ile fimbo ya kulalia niweke wapi? Miye sijue.”

Uongo mtupu. Mama alikulia Vuhovi, ambako mtoto hujua kufungia kuku kabla ya kujua kusoma. Lakini Mukaka aliinuka.

“Hapana pale. Kuku inalalaka juu kuliko ile,” alisema, akamnyang’anya mti, akaingia ndani ya banda mzimamzima. Tangu siku ile hatukumtoa humo. Alibadilisha maranda, akazibua mfereji kwa vidole vyake, akatukaripia kwa kufunga mlango vibaya. Mayai yalirudi, kisha vifaranga.

Vifaranga vilipokuwa mitetea, alifika mwanamke mzee aliyewahi kuimba na Mukaka katika kwaya ya wamama kijijini. Alikuwa anapita tu, anakwenda Lubero kwa ndugu waliokubali kumpokea. Walishikana mikono muda mrefu, wakala. Alipoaga, Mukaka aliingia bandani akatoka na yule mtetea wa madoadoa, mzuri kuliko wote, niliyekuwa nimemlisha kwa kiganja changu. Alimfunga miguu, akampa mgeni wake. Ndiyo desturi yetu, mgeni haagwi mikono mitupu, lakini mimi nililia kwa hasira. Mama alinivuta jikoni, nikaona naye macho yake yamelowa, wala hakuwa na hasira hata kidogo.

Mukaka hakusema tena habari ya kuondoka. Aliishi nasi hadi alipofariki, kitandani kwake.

Nilipoolewa hapa Beni, nilikaa kwanza kwa mama mkwe wangu. Alinipenda, hakuninyima chochote. Siku moja shangazi yangu alikuja kuniona, na saa ya kumsindikiza nilitembea naye hadi barabarani nikiwa mikono mitupu, kwa sababu katika nyumba ile yenye kila kitu hapakuwa na kitu changu cha kumpa. Niliona aibu hadi masikioni. Mukaka naye tulimpa kitanda, blanketi na chakula cha moto, tukadhani tumemaliza. Mama peke yake aliona kilichobaki, hakutueleza, akachukua jembe.